Nani Ameanua?

Mama Mkubwa Mwantumu alifua shuka za Bombo
miaka thelathini na mmoja.
Kamba zake zilielekea ghuba.
"Bahari naijua," husema, "nimeiona
kila siku ya kazi, kati ya shuka na shuka,
kipande cha upana wa mkono."
Kuingia, hakuwahi.

Jumanne hii nimempeleka,
yeye na goti lake la kushoto,
goti lililoandikiwa maji ya chumvi
na daktari kijana asiyejua
kwamba shuka aliyozaliwa juu yake
ilifuliwa na mgonjwa wake.

Tulikatiza bustanini.
Nyasi zilikuwa zimefyekwa jana, zikinuka utomvu.
Wanafunzi wawili wa uuguzi wakila machungwa ya Muheza,
mbegu wanatemea kiganjani, kwa adabu.
Juu ya mnara mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi
na sisi tukasema saa nne.
Waliojenga walihesabu kwao,
tukaisoma kwa hesabu yetu,
na hatujawahi kuchelewa kwa sababu hiyo.

Palikuwa na jiwe la kumbukumbu,
herufi zimelambwa na chumvi.
Akalipangusa kwa pindo la mtandio,
akasogeza uso karibu, akakosa kusoma.
"Hawa wageni," akauliza,
"nani alikuwa akiwafulia?"
Nikasema sijui.
Akasema, "Na hapo hawakuandika."

Ngazi za kushukia ufukweni ni ishirini na sita.
Alizihesabu kwa sauti,
ya kumi na tisa akaihesabu mara mbili
kwa kuwa ilitikisika.
Getini Sengasu alichana tiketi,
akamtazama, akatabasamu: "Bibi naye anaogelea?"
"Nalisindikiza goti."

Hapa bahari haina fujo.
Kisiwa kimekaa mlangoni
kama mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita;
mawimbi hupiga hodi kwa nje,
hujibiwa hukohuko nje.
Ndani maji yametulia,
beseni lililosahauliwa uani.

Akainama, akatia kiwiko.
"Vuguvugu. Ya nguo za rangi haya, si ya nyeupe."
Kisha mguu. Kisha goti.
Kisha dera likajaa hewa, likamzunguka kama uyoga,
akalipiga makofi litulie.

Mikono yake haikungoja kutumwa.
Ikashika pindo, ikafikicha,
ikakamua, ikafikicha tena.
Watoto waliokuwa wakirushiana maji wakanyamaza kumtazama.
"Mama Mkubwa, hapa hatufui."
Akaitazama mikono ile
kama watoto wa jirani
waliomfuata safari bila ruhusa.
Akaiachia. Ikaelea.

"Nishike mgongo," akasema.

Nilidhani atakuwa mzito.
Mwanamke aliyebeba matandiko ya wodi nzima,
yakiwa na maji yake, na damu yake,
na yale ambayo hakuwahi kuyasema mezani,
alilala juu ya viganja vyangu
kama gazeti.
Masikio yakazama.
Akafumbua macho:
hapakuwa na kamba, hapakuwa na vibanio,
anga lote, ghuba yote,
kushoto kwake bahari, kulia kwake bahari.
Akapaza sauti kama kiziwi,
mpaka Sengasu akachungulia:

"Nani ameanua?"

Sikuwa na jibu.
"Niachie," akasema.
Nikatoa kidole kimoja kimoja.
Cha mwisho kilikawia,
na hofu iliyokikawiza haikuwa yake.

Jioni, Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
nikalichukua dera kulipeleka bombani.
"Usilisuuze."
Mama Mkubwa Mwantumu, wa sabuni mbili na buluu,
ambaye kola yenye doa ilimnyima usingizi.

Likakaukia kambani, limekakamaa kama singa za mkonge,
mstari mweupe wa chumvi umekatiza kifuani.
Jumatano alilivaa kwenda sokoni.
Lilimkwaruza shingo njia nzima,
na kila aliyemuuliza ule mstari ni wa nini
alimwonyesha kwa mkono, bila haraka,
maji yalipofika.